Wifi Yangu Alivyoezua Baraza

Mtaani walimwita fundi cherehani huyu Bi Pindo, lakini kwangu ni wifi, mke wa kaka yangu. Jina hilo alilipata kwa tabia yake. Akiona pindo la gauni lako limeachia, hata kama unawahi msibani, atakusimamisha njiani, achomoe sindano kwenye ukosi wake, akushone hapo hapo. "Lidharau pindo leo," husema, "kesho utafute gauni jingine."

Asubuhi ile redio ilitangaza kwamba upepo mkali utafika alasiri, wenye nyumba dhaifu wahamie shuleni. Sisi tungehama vipi? Mama yangu alikuwa kitandani wiki ya tatu, nyonga imevunjika, ukimgeuza tu anapiga yowe. Kaka naye yuko safarini na lori. Nikasema tung'oe mlango, tumbebe juu yake.

"Mama habebwi," wifi akasema. "Tuishike nyumba."

Nikadhani ataongeza misumari kama watu wengine. Kumbe! Aliegemeza ngazi, akapanda, akaanza kung'oa mabati ya baraza. Baraza ambalo kaka alilijenga kwa mikono yake, hata miezi miwili halijamaliza, mbao bado zinanukia!

Jirani yetu seremala alikuwa akiziba madirisha yake. Akaweka nyundo chini ili acheke vizuri. "Shemeji! Wenzio wanaezeka, wewe unaezua? Upepo umekuomba msaada?"

Wifi akang'oa msumari mwingine. Misumari aliyoing'oa alikuwa ameiuma mdomoni kama pini. Mimi niliyekuwa na mdomo mtupu nikasema ya kusema na yasiyosemeka: kwamba anabomoa nyumba ya kaka yangu mchana kweupe.

Akatema misumari kwenye kopo. "Wifi, nguo huanza kuchanika wapi? Katikati?"

"Pindoni," nikasema, shingo upande.

"Basi hili ndilo pindo la paa. Limeunganishwa na nyumba, na mbele liko wazi. Upepo ukiingia chini yake utavuta, na paa lote litafuata. Afadhali nifumue mimi kuliko uchane wenyewe. Shika bati!"

Nilishika huku nimenuna. Mabati kumi na moja tukayalaza uani, tukayakandamiza kwa magunia ya mchanga, midomo ya magunia ameishona kwa sindano nene. Kisha akafunga kingo za paa kwa waya, kila pembe mara tatu, na kila fundo alilivuta hadi viganja vikachubuka.

Saa tisa upepo ukafika. Tulikaa chumbani kwa Mama, wifi kamshika mkono, mimi macho darini. Paa lililia, likatetemeka, misumari ikakwaruza mbao.

"Nani anatikisa nyumba?" Mama akauliza.

"Wageni, Mama," wifi akajibu. "Wamekosa baraza la kukalia, wamekasirika."

Mama akacheka, akashika nyonga kwa maumivu, akacheka tena. Mimi nilikuwa nikisoma kila dua niliyoijua.

Upepo ulipotulia, jiko lilikuwa limevuja na dirisha moja halikuonekana. Shuka la Mama lilikuwa kavu. Kwa seremala, baraza lilikuwa limenyofoka na kwenda na nusu ya paa. Ashukuru Mungu kwamba familia yake ilikuwa shuleni. Jioni akaja, kofia mkononi.

"Shemeji, yale mabati..."

"Chukua. Misumari imo kwenye kopo."

Kaka aliporudi alimkuta mkewe anashona nje, juani.

"Baraza langu liko wapi?"

Wifi akafungua mdomo, lakini nilimwahi. "Kamwamkie Mama kwanza," nikamwambia kaka, "halafu ndiyo uulizie mabati."

Alikaa ndani muda mrefu. Mwezi uliofuata alijenga baraza jingine, safari hii limesimama kwa nguzo zake, halikushikana na paa. Wifi ndiye aliyepima, kwa utepe uleule wa kupimia viuno vya watu. Bati la kwanza nililishika mimi, wala sikununa.