Barua Niliyomsomea Mama

Harufu ya iliki kwenye mafuta ya moto hunirudisha jikoni kwetu Mji wa Kale, miaka ya tisini, nikiwa na miaka kumi na mmoja na mdomo usiotulia. Mama alikuwa akikanda unga wa mahamri, mimi nimekaa juu ya kibao cha mbuzi cha kukunia nazi nikimsomesha Kiingereza. Nilijigamba, wallahi! Mwalimu wetu Kilonzo, mtu wa bara, alikuwa na mtindo wake: maneno yanayokaribiana maana hakuyatafsiri, aliyaigiza. Siku ya “treat” na “cure” alifunga bendeji kwenye mguu uliovunjika wa kiti. Hiyo ndiyo “treat”, akasema, kiti kimetibiwa. Kisha akakikalia, wakaanguka wote wawili. “Na cure je, kimepona?” akatuuliza akiwa sakafuni. Nilipomsimulia, Mama alicheka hadi akajifuta macho kwa kanga, unga ukamganda shavuni.

Mwaka ule Mama alianza kukonda. Tena alikuwa hasemezani na mdogo wake, Mama mdogo Zuhura wa Makupa, kwa jambo la kipuzi kabisa: sinia la shaba la marehemu bibi, ambalo Mama aliliazima kwa Zuhura kwa harusi likarudi limebonyea. Maneno makali yalitoka, wakanuniana, na huo ulikuwa mwaka wa pili. Kwetu mtu akijua siku zake zimekaribia huwaita watu wake watakane radhi, asiondoke na kinyongo wala asiache mtu na kinyongo. Mama asingelikosa hilo, lau angelijua.

Daktari wa hospitali kubwa, mgeni asiyejua Kiswahili, alimwandikia barua ya kupeleka zahanati ya mtaani. Mama akapita nayo nyumbani kwanza. “Hebu nisomee, mwanangu. Wasemaje?” Barua ilikuwa fupi. Ilisema wanaweza kumtibu maumivu, ila kumponya hawawezi, ugonjwa umeshaenea. Maneno yote mawili yalikuwemo, na kile kiti kikanijia machoni. Nilielewa kila kitu. Nikamtazama Mama, naye ananitazama mimi, msomi wake.

“Wasema utapona,” nikamwambia.

“Alhamdulillahi!” Akashusha pumzi, akakaa. “Basi Zuhura na angoje. Nikipata nguvu nitakwenda Makupa kwa miguu yangu, nimtake radhi nimesimama. Sitaki anionee huruma kitandani.” Zahanati waliipokea barua, wakampa dawa za maumivu bila kumweleza zaidi. Nilitaka kusema. Kila asubuhi nilijiambia leo nitasema, na kila asubuhi Mama alikuwa mwepesi zaidi nikimwinua. “Mbona hizi nguvu haziji?” akaniuliza mara moja. Nikamjibu dawa bado hazijakolea. Alifariki siku chache kabla ya Ramadhani.

Mama mdogo alikuja mazikoni na lile sinia chini ya buibui. Alikuwa amelipeleka kwa fundi, limenyooshwa, linang'aa. Alilikumbatia akilia, “Dadangu, hata kuniita hukuniita? Nami nilikuwa naja, nilikuwa naja!” Wanawake walimshika, wakamnyamazisha. Mimi nilikimbilia jikoni nikajifungia, nikaogopa mtu asije akaniuliza habari ya barua.

Siku hizi mimi ndiye mwalimu wa Kiingereza. Nafundisha vizuri, wanafunzi wananipenda, naigiza kama Mwalimu Kilonzo na darasa zima hucheka. Yale maneno mawili tu ndiyo siyaigizi. Nayaandika ubaoni, nasema maana zake, nayafuta. Kila Idi nampelekea Mama mdogo mahamri Makupa. Amezeeka, macho hayaoni vizuri, na sinia liko ukutani juu ya kitanda chake. Kila Idi hunishika mkono aniulize lile lile: “Mamako alijua kwamba yuaenda?”

“Hakujua, Mama mdogo.”

“Ndiyo maana. Angejua angeniita,” husema, na kukiegemeza kichwa chake begani kwangu. Miaka yote hii hajaniuliza ni nani aliyejua.