Nywele za Magdalene

Kila aliyejitolea kupimwa kwenye maabara ya Lynn Wanyoike pale Juja alipokea ujumbe uleule: njoo umeosha nywele, usipake mafuta, na kama umesuka, fumua. Kwa hilo Lynn hakuwa na mchezo. Aliwahi kumrudisha msichana wa watu hadi Kalimoni kwa sababu ya rasta mpya, msichana analia, yeye wala hana habari.

Utafiti wake ulihusu namna ubongo unavyoona. Unaonyeshwa picha ya uso, na kufumba na kufumbua, seli za nyuma ya kichwa zimeshapashana umeme, wimbi limepanda na kushuka. Uso ukiwa wa mtu unayemjua, linafuata wimbi la pili. Na ajabu ni kwamba hata mgonjwa aliyepoteza nyuso zote, wakati mwingine wimbi hilo la pili huinuka. Mdomo unasema simjui, ubongo unasema namjua.

Mgonjwa wa namna hiyo Lynn alikuwa naye nyumbani kwao Ruiru. Mama yake, Magdalene, ambaye tangu utotoni alimwita Maitu, alifanya kazi miaka thelathini kwenye kiwanda cha nguo Thika, na mashine za kufuma zikammaliza masikio. Hakulalamika, watu aliwajua kwa sura. Halafu mwaka juzi kiharusi kikaja kikazibeba hizo sura. Lynn akifika Ruiru Jumamosi na mkate na maziwa, mama anamkaribisha kwa heshima zote, "Karibu, daktari." Njambi, msichana wa kazi aliyekuwa akimtunza na kumwita shosho, yaani bibi, anampigia kelele sikioni, "Shosho, ni Lynn huyu!" Magdalene anacheka. "Lynn yuko Juja, ana kazi nyingi. Msimsumbue mtoto wangu."

We! Hebu fikiria kuambiwa hivyo na mama yako mzazi, tena amekushika mkono.

Lynn akaamua kumpima. Akaandaa picha za watu baki, na zake mwenyewe akazichanganya humo. Magdalene, kuambiwa mambo ya picha, alidhani anaenda kupigwa picha chuo kikuu. Akamtuma Njambi ampeleke saluni. Akafika maabara amesukwa mistari iliyobana, inang'aa mafuta, amependeza kama bibi harusi. "Daktari, niko sawa?"

Lynn alikunja uso, lakini akashindwa kumwambia afumue. Yeye huyohuyo wa kurudisha watoto wa wenyewe! Akasukuma jeli katikati ya mistari, akamvalisha ile kofia ya nyaya, akamwomba Mungu.

Wimbi la pili halikuonekana. Alirudia hesabu mara nne. Uso wake na nyuso za watu baki, yote mamoja. Moyo ukamvunjika, na hakumwambia mtu. Jumamosi iliyofuata akasema ana mitihani ya kusahihisha, ile nyingine mkutano, na baada ya hapo hakusema kitu, akawa anatuma vitu na bodaboda. Aende kumwona nani, mtu asiyemjua hata ndani kabisa ya kichwa? Miezi mitano ikapita hivyo.

Ni Dismas, fundi wa maabara, aliyeifungua ile rekodi siku moja akitafuta nyingine.

"Daktari, hii ni ya nani? Huku nyuma kote nyaya hazikugusa ngozi. Hapa hakuna ubongo, ni kelele tupu."

Lynn akasogea. Hata wimbi la kwanza, lile la uso wowote ule, halikuwepo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona hilo. Yeye hakuliona kwa sababu alikuwa anajitafuta mwenyewe tu.

"Nilijua," akasema. "Ngai, Mungu wangu, nilijua tangu nilipoyaona yale mafuta."

Hapohapo akampigia Njambi amwambie kwamba kesho anakuja. Njambi alipokea huku analia. Shosho alikuwa ameanguka bafuni asubuhi, wakamkimbiza hospitali, na hakufika akiwa hai.

Walikutana mochari. Njambi alikuwa amekunja leso ya marehemu mikononi, haachi kuikunja.

"Alinifanya nimkate nywele zote," akasema. "Tangu ile wiki ya pili hukuja. Kila Ijumaa ananiambia nimwoshe kichwa, nisimpake kitu. Jumamosi anakaa mlangoni mpaka jua linatua. Nikamwuliza, shosho, unamngoja daktari?"

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Namngoja Lynn. Alikasirika juu ya nywele. Nilimwona.'"

"Alisema Lynn? Si daktari?"

"Lynn."

Mhudumu akalifunua shuka. Lynn akapitisha mkono nyuma ya kichwa cha mama yake, pale pale ambapo jeli ilikataa kushika. Nywele zilikuwa fupi, kavu, hazina hata tone la mafuta.

"Maitu," akasema, "ni mimi."