Kidani cha Mama wa Kaisari

Vibidia, sonara wa mtaa wa Subura pale Roma, hakuwa msemaji. Msemaji alikuwa mumewe Lukrio, na mdomo ndio uliomponza. Kaisari alipomuua nduguye wa tumbo moja na kuamuru sura ya marehemu ifutwe kila mahali, Lukrio alikataa kuikwangua kwenye dinari zake, sarafu za fedha.

"Mama yao alizaa wawili," alitania dukani. "Mimi ni nani nimpunguzie?"

Jirani yao Kosutio, muuza soseji, alicheka naye mpaka machozi, kisha akaenda kumchongea kwa askari. Lukrio alichukuliwa, hakurudi. Kosutio akazawadiwa chumba cha mbele cha duka la Lukrio.

Vibidia alibanwa chumba cha nyuma, akivuta moshi wa soseji za Kosutio mchana kutwa. Hakumtukana. Kila asubuhi alimsalimu.

Ikatokea siku Kosutio akaja kwake na oda. "Shemeji, nitengenezee kidani chenye dinari ya mama wa Kaisari. Kining'inie hapa kifuani, watu wajue mimi ni mtu wa nani."

"Watajua, jirani."

Vibidia alifukua dinari ya mumewe aliyoificha chini ya jiwe la kusagia. Upande mmoja alikuwepo mama, nywele zimepangwa mawimbi mawimbi. Upande wa pili wanawe wawili, wakitazamana. Akaizungushia dhahabu, mama akamweka mbele. Nyuma akafunika kwa bamba jembamba la fedha, akaligandisha kwa nta tupu.

"Usikivue hata bafuni," alimwambia akimfunga shingoni. "Wezi wa kule unawajua."

"Kumbe wanijali hivyo, shemeji!"

"Sana."

Alasiri hiyo alisimama nje ya bafu la umma akitafuna dengu za kukaanga. Ndani, kwenye chumba cha mvuke, nta iliyeyuka na bamba likadondoka. Askari mmoja aliyekuwa akioga aliinama kumwokotea, na alipotaka kulirudisha mahali pake, akaziona zile nyuso mbili.

Kosutio alikokotwa nje akiwa na shuka la kuogea tu. "Ni yule! Yule mwanamke ndiye aliyekitengeneza!"

"Mama, kweli?" aliuliza askari.

"Kutengeneza nimetengeneza. Dinari kaleta mwenyewe, akataka nyuma pafunikwe. Mjane mimi, ningemuuliza nini?"

Watu waliojazana pale hawakumtetea Kosutio. Wengi walipoteza mtu wao kwa ulimi wake. Vibidia akamsogelea kama anayemuaga, akamnong'oneza: "Lukrio anakusalimu."

Alirudi nyumbani, akazishusha soseji zote na kuwatupia mbwa wa mtaani. Kisha akaketi kusubiri majuto. Hayakuja. Kilichokuja ni njaa, akala akashiba, mara ya kwanza tangu awe mjane.

Kesho yake alihamishia fuawe chumba cha mbele, akawa anafua fedha huku akiimba kwa sauti mbaya. Wapita njia walimwamkia kwa adabu iliyozidi kidogo, naye akawaitikia.