Kitambaa cha Mama Sabina

Asubuhi niliyoripoti Kibondo, mwaka 2012, vidole vyangu bado vilikuwa na wino. Tangu ujana nilikuwa nimechora majengo huko Kasulu kwa rula na kalamu. Mhandisi wa Wilaya akanionyesha meza yenye kompyuta, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma kama redio ya sebuleni.

"Mzee, kalamu zipumzike. Mchoro wa wodi ya wazazi ya Kumsenga nautaka humu, Ijumaa. Tukichelewa, wodi inakwenda kata nyingine."

Mama Sabina, katibu muhtasi, aliacha kuandika. Binti yake alikuwa amejifungulia njiani, akitolewa Kumsenga kwa baiskeli. Alinisalimu kwa Kiha, "Mwakeye," kisha akaongeza taratibu, "Mzee, usituangushe."

Programu ya kuchora ni mzigo mzito. Nilivuta ukuta kwenye kioo, nao ukanifuata baadaye, kwa kinyongo. Jumanne nikapanda basi hadi Kasulu kununua RAM, kumbukumbu ya muda. Hiyo ndiyo meza ambapo kompyuta hutandaza kazi yake, na yetu ilikuwa kigoda. Niliporudi nikaichomeka, nikazima madoido ya madirisha, nikazuia programu zinazojiwasha zenyewe, nikaondoa mpangilio wa kubana umeme. Jumatano asubuhi mistari ilikimbia. Kufika saa nne, ikalala tena.

Alhamisi nikagusa sanduku la mashine. Lilichoma kama sufuria. Kila asubuhi Mama Sabina alifuta vumbi jekundu, akakitoa kitambaa kwenye kioo ili nifanye kazi, akakilaza juu ya sanduku. Kiliteremka hadi nyuma, kikaziba matundu ambamo feni hutoa joto. Prosesa, ubongo wa mashine, ikichemka hupunguza mwendo isije ikaungua.

"Mama Sabina, mgonjwa ana homa nawe unamvisha sweta."

"Na wewe daktari, siku zote hizi unampima bila kumvua nguo?"

Mhandisi alicheka mpaka akatafuta kiti. Mama Sabina hakucheka. Alikitoa kitambaa, akakitundika dirishani ili vumbi linase huko. Siku nzima alitazama mistari yangu ikisogea. Ijumaa kabla ya adhuhuri, mchoro ulitoka.

Ninyi mnaochora leo mtanishinda kwa kila kitu. Lakini kabla ya kugusa mipangilio, guseni sanduku.

Nilistaafu mwaka 2015, wodi ikiwa imeshaezekwa. Siku ya kuaga, Mama Sabina alinipa kitambaa kile ndani ya bahasha ya ofisi.

"Kafunike redio yako, mzee. Hiyo haina homa."

Sijafunika kitu. Kipo dirishani kwangu, hapa Kasulu. Upepo wa asubuhi ukikipuliza nasikia feni ikizunguka, na mara nyingine nageuka kumwambia mtu kwamba mashine imepoa.