Ng'ombe wa Bibi Kwenye Rafu ya Duka

Wiki iliyopita niliingia kwenye duka moja la vitu vya zamani hapa Mbeya mjini, na nisikudanganye, niliingia kukwepa mvua. Ile mvua nyembamba ya baridi unayoijua. Mle ndani kuna pasi za mkaa, koroboi, sahani za bati, redio za mbao, na rafu nzima ya vitu vya kuchezea watoto. Wanunuzi ni wageni na wenye hoteli wanaotaka kupamba kuta.

"Karibu mama, kuangalia ni bure," muuzaji akaniambia. Akanionyesha gari la waya, akasema ni la enzi za mkoloni. Nikaangalia magurudumu: vifuniko vya plastiki vya chupa za maji, haya haya tunayokunywa leo. Pengine la zamani ni lile bodi na magurudumu yalibadilishwa. Mimi niliishia darasa la saba, siwezi kubishana na mtu kuhusu kazi yake. Lakini kuanzia pale kila alichonionyesha nilikigeuza mara mbili.

Ndipo nikamwona ng'ombe. Wa udongo, mweusi, nundu imesimama, sikio la kulia limechanwa kama ulimi wa nyoka. Nikamchukua mkononi. Sikio lile ni alama ya ng'ombe wa baba yangu.

Nilikulia Usangu, upande wa Rujewa, wilaya ya Mbarali, wazee wetu walikohamia na mifugo yao kutoka Usukumani. Mpunga ukianza kukomaa, kazi yetu watoto ilikuwa kuamia ndege wasiule. Unakaa kwenye kichuguu tangu jua halijatoka, unapiga debe na kupiga kelele mpaka sauti inakauka, na chakula chako ni michembe ya viazi vilivyokaushwa na karanga ulizofungiwa kwenye kitambaa. Ndege wakitulia, mikono haitulii. Tope la mfereji lilikuwa jeusi na laini kama ugali wa mtama, na ndilo tulilofinyangia ng'ombe. Wavulana ndio waliojua nundu na pembe. Sisi wasichana tulikuwa tunaolewa. Ndiyo, tunaolewa! Mtoto wa jirani anakuja na mahari, ng'ombe wake wa udongo kwenye ungo, anawapanga uani kwa bibi yako, na bibi anakagua mmoja mmoja.

"Huyu amekonda," bibi yangu alikuwa akisema. "Kwa ng'ombe wa namna hii kaoe mbuzi." Basi mwoaji anarudi mferejini huku tunamcheka, anafinyanga mwingine mnene.

Bibi wengine mchezo ukiisha waliwarudisha. Wa kwetu hakurudisha. "Mimi nimeshalipwa. Nyie katengenezeni wengine." Akawachana masikio udongo ukiwa bado mbichi, kama alivyochanwa kila ng'ombe wa kwetu, kisha akawapandisha kwenye kichanja juu ya mafiga, kati ya kambale wakavu na mahindi ya mbegu. Moshi ukawafanya weusi na wagumu. Ukiwanusa, wananuka samaki. Nilikwenda kukaa mjini, nikaolewa kweli, na kila nikirudi niliwakuta pale pale juu.

Bibi alipofariki, shangazi ndiye aliyebaki pale nyumbani kwake. Baada ya msiba kigoda cha bibi hakikuonekana, na beseni lake pia. Shangazi alisema aliwapa wamama waliomwosha marehemu, na inawezekana kabisa. Lakini mimi nilibaki na shaka.

"Huyu ng'ombe umempata wapi?" nikamuuliza muuzaji.

"Aliletwa na mama mmoja wa huko Mbarali. Alikuja na mfuko wa salfeti umejaa, hao wengine wameshakwenda."

"Mama wa namna gani?"

"Mama tu, kama wewe."

Nikatoka barazani nikapiga simu. Kusema kweli, alama ile si yetu peke yetu, ukoo wetu uko mpaka Chimala, na wote wanachana sikio la kulia. Hilo nililijua. Hata hivyo nilipiga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Shangazi, wale ng'ombe wa bibi wa jikoni waliishia wapi?"

Nikasikia mashine ya kukobolea mpunga ikinguruma nyuma yake. "Mbona unaniuliza kama polisi? Ungeulizia ng'ombe wenye maziwa ningekuelewa."

Nikamweleza ya dukani. Hakukasirika kama nilivyotegemea, na hilo nalo nikalishuku.

"Sikiliza," akasema. "Mama alipokufa, jiko lile halikuwashwa moto tena. Nyasi za paa zikaoza, mvua ya masika ikaingia ndani. Siku nafungua nilikuta tope kwenye mafiga, tope lina pembe. Nikalizoa, nikakandikia ukuta. Na ukuta wenyewe tulishaubomoa, pale sasa ni jaruba la mpunga. Wale hawakuchomwa motoni, ni wa moshi tu. Huyo wako mtie kwenye maji. Akiyeyuka, njoo uniite mwizi mbele ya ukoo mzima. Akibaki mzima, unyamaze."

Nikarudi ndani, nikaomba ndoo.

"Unataka kumwogesha?" Muuzaji akacheka. "Lipa kwanza, mama. Ukishalipa, hata ukimchinja ni wako."

Nikalipa. Nikamzamisha mwenyewe, kwa mikono miwili, kama mtoto anayebatizwa. Maji yakawa meusi papo hapo, nikadhani anayeyuka. Tukasubiri. Muuzaji naye aliacha kucheka, akainama juu ya ndoo. Nilipomtoa, weusi wote ulikuwa umebaki majini, ilikuwa rangi tu, na ng'ombe alikuwa mwekundu kama chungu cha maua, mgumu, sikio lake zima na mpasuko wake. Alikuwa amechomwa tanuruni, tena si zamani.

"Mimi pia niliuziwa hivyo hivyo," muuzaji akasema taratibu. Nilimwamini.

Nikampigia shangazi. "Amebaki mzima. Nisamehe."

"Haya," akasema. "Funika kichwa, naambiwa huko Mbeya kuna mvua."

Ningetakiwa kufurahi. Shangazi yangu si mwizi. Badala yake nilisimama na yule ng'ombe anatiririka maji kwenye sketi yangu, na machozi yananitoka mbele ya mtu nisiyemjua. Nilikuwa nataka awe ameiba. Angekuwa ameiba, ng'ombe wa bibi wangekuwa wapo mahali, kwenye rafu ya mtu, Iringa au ng'ambo, wanapata vumbi, na mimi ningekuwa na pa kuwatafuta.