Wala Majani Ndani ya Maharagwe

Kwa majirani zangu wa Gitothua mimi ni yule jamaa wa mijusi. Nimejaribu kuwaeleza kwamba dinosaria si mjusi, tena wangu ni wale waliokula majani peke yake, lakini ploti ya wapangaji ikishakupa jina unakaa nalo. Hata mwenye nyumba akinipigia simu huanza kwa kuuliza mijusi wameamkaje.

Shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu nilitaka kujua lori za mananasi zilizopita mbele ya dirisha letu zilikuwa zinaenda wapi. Zilikuwa zinaenda Thika, kiwandani. Nilipogundua hivyo nikapata kazi ya kushusha mzigo, nikaona pia nijue baada ya hapo makopo yanaenda wapi, na ndivyo maisha yangu yalivyokwenda. Nimeziba pancha, nimelinda lango la chuo, nimeuza mayai ya kuchemsha, nimepaka rangi nyumba za watu kutoka Ruiru hadi Nanyuki. Sikuwahi kumaliza miaka miwili mahali pamoja. Mizigo yangu yote ilienea kwenye gunia moja, kabla ya dinosaria.

Hao walianzia sokoni Thika, kwenye mitumba. Kuna akina mama hufungua belo za vitu vya watoto na kuvimwaga juu ya turubai, na ukisimama hapo asubuhi utaona jambo moja: kila mtoto anachagua dinosaria mwenye meno. Wenye meno wanaisha kabla ya saa nne. Wanaobaki chini kabisa, pamoja na magurudumu yasiyo na gari, ni wala majani. Siku moja nilimuuliza muuzaji kwa nini hawanunuliwi.

"Nani atanunua mtu wa kutafuna nyasi?" aliniambia. "Mtoto ana ng'ombe nyumbani. Chukua huyo, uniondolee."

Nilimchukua. Alikuwa mwenye shingo ndefu, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni, mtupu ndani, rangi ya matope. Nilimtazama jioni nzima nikijiuliza mnyama wa ukubwa ule aliishije kwa majani tu. Kesho yake nilienda kwa muuza matumbo nikamwomba anionyeshe tumbo la ng'ombe linavyojikunja ndani. Kisha kwenye vitabu vya barabarani nilipata juzuu moja la ensaiklopidia ya Kiingereza, lile la herufi D, bila jalada. Ndiyo maana najua mengi kuhusu dinosaria na Denmaki, na sijui chochote kuhusu Ufaransa.

Baada ya miaka minne nilikuwa nao kumi na mmoja. Mwenye pembe tatu. Mwenye mbao mgongoni. Mwenye rungu mkiani. Watoto watatu wa aina ambayo sijaijua hadi leo, maana haikuwa kwenye D. Na mmoja niliyempenda kuliko wote, aliyesimama kwa miguu miwili, mikono ikiwa imetafunwa na mtoto wa Ulaya hadi mabegani, mdomo umefungwa, mpana, kama wa bata. Kitabu kilisema wenye mdomo wa bata walikuwa wapole na walitunza watoto wao. Kwa hiyo nilimweka karibu na wale wadogo watatu. Wote walikaa kwenye rafu niliyoipigilia mwenyewe juu ya jiko la gesi.

Kisha nikakutana na mwanamke anayeuza mboga karibu na stendi ya Ruiru. Nilikuwa nimenunua managu, nikamuuliza kama anajua haya majani yako duniani tangu lini.

"Haya?" akasema. "Tangu asubuhi."

Nikawa nanunua managu kila siku. Miezi minane baadaye tulikuwa tunazungumzia ndoa, na hapo akanieleza mambo wazi. Alikuwa amelelewa na shangazi yake, ambaye yeye humwita tata na ambaye mimi pia nilipaswa kuanza kumwita tata. "Yeye akikubali, nakuja," aliniambia. "Akikataa, mimi siji. Nakuambia mapema ndiyo usije ukaniimbia nyimbo." Na tata alikuwa na swali moja kunihusu: mtu wa gunia moja atamlisha vipi binti yangu?

Kwetu, kabla mambo ya ndoa hayajaenda mbali, watu wa upande wa mwanamke huja kuona itara. Itara ni ile dari ya fito juu ya moto ambapo kuni zilikuwa zikikaushwa kwa moshi. Ikijaa, unajua binti yako hatalala njaa. Siku hizi tunapika kwa gesi, lakini watu huja vilevile, na huangalia kila kitu: unga, maji, hata godoro. Dada yangu mkubwa, mwenye saluni kule Witeithie, alifika kwangu asubuhi ya siku hiyo kukagua kabla ya wakaguzi. Alisimama mbele ya jiko, akainua macho kwenye rafu.

"Wanakuja kuona itara," akasema. "Na kwenye itara yako kuna nini?"

"Wala majani kumi na mmoja."

"Kuna aibu kumi na moja. Washushe."

Nilianza kumweleza kuhusu mwenye rungu mkiani. Hakusikiliza. Alikuwa amefungua ndoo yangu ya maharagwe, ndoo ya rangi ya lita ishirini niliyoiosha vizuri, na maharagwe yalikuwa hayajafika nusu. Alinitazama, akatazama rafu, akatazama ndoo tena. Namjua dada yangu. Akipata wazo hunyamaza kidogo. Alimwaga maharagwe kwenye beseni, akawapanga dinosaria ndani ya ndoo, kichwa huku mkia kule, kama anayepanga viatu, kisha akarudisha maharagwe juu yao na kuitikisa yajae kila pengo. Yakafika karibu na ukingo.

"Sasa una ndoo imejaa na huna mijusi," akasema. "Sema asante."

Nilisema asante. Niliona ni akili nyingi.

Walifika saa sita: yule mwanamke wangu, tata yake, na jamaa wawili waliokaa kitandani wakanywa chai na ambao sitawataja tena. Tata alikuwa mfupi, mwenye mabega ya mtu anayebeba. Alivua gambuti mlangoni. Nilijua anakaa mashariki ya Thika na anauza mbuzi. Ambacho hakuna aliyetuambia ni kwamba siku za soko hununua pia maharagwe, kwa gunia, kutoka kwa wakulima. Na mnunuzi wa gunia haangalii juu. Juu watu huweka mazuri. Mnunuzi hukunja mkono wa sweta na kutia mkono hadi chini.

Aliangalia godoro. Aliinua mtungi wa gesi kuona kama una kitu. Alifungua unga, akanusa. Kisha akafika kwenye ndoo, akaondoa kifuniko, akasema, "Hapa uko sawa," na nikaona anakunja mkono wa sweta.

Dada yangu alianza, "Tata, karibu chai kwanza."

Mkono ulishazama hadi kiwiko. Ukasimama. Uso wa tata haukubadilika, ila macho yake yalinigeukia. Kisha akavuta, polepole, na mwenye shingo ndefu akatokea kichwa kwanza, maharagwe yakidondoka kutoka mgongoni na kukimbia sakafuni.

Tata alimweka mezani akarudisha mkono. Akatoa mwenye pembe tatu. Akatoa mtoto mmoja, na wa pili. Aliwatoa wote kumi na mmoja bila haraka, na kila alipotoa mmoja maharagwe yalishuka, hadi yakarudi pale pa kweli, chini ya nusu.

"Haya," akasema, akijipangusa mkono. "Nani aliyepanda hizi?"

Yule mwanamke wangu aligeukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na sikujua kama analia.

"Ni mimi," alisema dada yangu.

"Hapana, ni wangu," nikasema. "Na maharagwe ni hayo hayo, tata. Hayafiki nusu."

"Hayo nimeyaona. Nauliza hawa. Unawafuga?"

"Nawakusanya."

"Wanakula nini?"

"Majani."

"Wote?"

"Wote. Wanaokula nyama sichukui."

Alivuta kiti akakaa. Akachukua mwenye rungu mkiani akaniuliza la kazi gani, nikamwambia la kumpiga adui miguuni. Akachukua mwenye mbao mgongoni akauliza kama zilikuwa za kujikinga, nikamwambia wenye vitabu hawajakubaliana, huenda zilikuwa za kupata joto. "Kama mabati," akasema. Nilianza kupata nguvu. Nikamweleza kuhusu waliomeza mawe ya kusagia majani tumboni. Akasema kuku pia. Nikasema ndiyo, kuku ni jamaa zao. Hapo alinitazama sana, na dada yangu akanikanyaga mguu.

Ndipo akamshika kipenzi changu, wa mdomo wa bata, akamgeuza kichwa juu na kumbana taya kwa vidole viwili, jinsi wauzaji wa mbuzi wanavyofanya ili kujua umri.

"Huyu hafunguki."

"Ni mdomo wa bata, tata. Uko hivyo."

"Hakuna mnyama ambaye mdomo wake hauna ndani," akasema. Akamgeukia dada yangu. "Nipe pini ya nywele."

Dada yangu, mwenye saluni, alichomoa moja kichwani mwake. Tata alichokonoa pembeni mwa ule mdomo. Kilitoka kipande kigumu cha kijivu, kisha kingine, na chumba kikanukia minti kwa mbali. Ilikuwa pipi ya kutafuna, chingamu, iliyokauka tangu siku ambayo mtoto fulani ng'ambo aliitema na kumlisha mnyama wake. Tata aliendelea hadi mdomo ukawa mtupu. Kisha akanigeuzia.

Meno. Juu na chini, marefu, yamechongoka, mengine yangali na rangi nyeupe.

"Huyu alikuwa analala wapi?" akauliza.

Yule mwanamke wangu alijibu kwa niaba yangu, uso wake ukiwa bado ukutani. "Na watoto," akasema. "Alisema ndiye mpole."

Tata alicheka kwa mara ya kwanza. Hakupaza sauti; alicheka kifuani, akitikisa kichwa, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Miaka minne," akasema. "Umemlaza chui kwa vitoto miaka minne, kwa sababu ya chingamu."

Alipomaliza aliwarudisha mezani wote ila huyo. Huyo alimtia kwenye mkoba wake.

"Sikiliza," akaniambia. "Hao wengine sina shida nao. Mwanamume anaweza kupenda anachopenda. Lakini ndoo ya kunidanganya, hapana. Huyu naenda naye. Siku ndoo itajaa maharagwe, maharagwe tu, mpaka chini, nitamrudisha, na tutaongea habari za binti yangu. Isipojaa, nitajua wewe ni mtu wa gunia."

Wiki ile ile nilipigiwa simu na fundi tuliyefanya kazi pamoja zamani. Kulikuwa na hoteli ya kupakwa rangi Nanyuki, kazi ya miezi mitatu, na kutoka vyumba vya juu ungeuona mlima. Miaka mingine yote ningeshakuwa njiani. Nilikaa kitandani nikatazama ndoo, nikamwambia nina maharagwe ya kushughulikia. Alidhani nimeanza kilimo.

Nilipata kazi ya kupaka hosteli Thika, na kila Jumamosi nilirudi na gorogoro moja, lile kopo la kilo mbili, ya maharagwe, nikayamwaga ndani, nikaitikisa ndoo. Nilimwomba mwanamke wangu aniongezee kidogo tu kutoka kwa rafiki yake wa nafaka pale stendi. "Katika hii siko upande wako," akasema, akinifungia managu.

Tata alipiga simu mara moja. "Huyu mnyama wako amenimalizia kuku wawili."

"Pole, tata."

"Pole haitagi mayai. Ndoo imefika wapi?"

"Imepita nusu."

"Anaangalia mbuzi sasa," akasema, akakata.

Alikuja Jumapili baada ya kanisa, bila wale wanywa chai. Dada yangu alikaa mbali na ndoo, mikono mapajani. Kwenye rafu, juu ya jiko, walikuwa wale kumi, mahali pao, wazi. Tata hakuwatazama. Alikunja mkono wa sweta, akatia mkono hadi kiwiko, akainama, akatia hadi karibu na kwapa. Alipapasa upande mmoja. Akapapasa upande wa pili. Alikaa hivyo kwa muda.

"Hakuna mtu?" akauliza.

"Hakuna, tata. Ni maharagwe."

Alitoa mkono, na naapa alionekana kama amekosa kitu. Kisha alifungua mkoba na kumtoa yule wa meno, amezungushiwa gazeti. Alikuwa amemfunga mdomo kwa kamba ya katani, mafundo mawili, na amekuwa mweusi kidogo kwa moshi wa jikoni kwake. Alimweka mwisho wa rafu. Akamtazama, akawatazama wale watoto watatu, akachukua kopo langu la chumvi na kuliweka katikati, kama ukuta.

"Na wewe," akamwambia binti yake aliyekuwa amesimama mlangoni, "bado umeshika mkoba? Weka chini, upike. Hayo maharagwe hayatajichemsha."

Kopo lile liko pale hadi leo. Mke wangu hulishusha akitaka chumvi, na kila mara, bila kuambiwa, hulirudisha palepale, baina ya watoto na yule mpole wangu.