Mchanga Niliomrushia Achol

Enzi zetu simu moja ilitosha nyumba nzima. Najua nina miaka kumi na saba na labda sina haki ya kusema "enzi zetu", lakini mdogo wangu Lokiru, wa gredi ya sita, ana simu yake, na bando likiisha analia kama amefiwa. Sisi tulingoja shangazi aanze kupika ndipo tuiguse yake.

Nakumbuka likizo za Kakuma, kwa huyo shangazi: mabati yamepata moto hadi yanalia, chapati zinanukia, vumbi kwenye meno. Mimi wa Lodwar, nisiyeweza kumsalimia mtu bila kutazama vidole vyangu vya miguu, nilikuwa na rafiki mmoja tu. Achol, Msudani Kusini, alikuja kutoka kambi ya wakimbizi na simu ya kaka yake, tukaunganisha simu mbili, tukacheza gemu ya kujenga viwanda. Yeye alijenga upande mmoja wa ramani, mimi upande wa pili, katikati jangwa tupu. Mikanda ya kubebea mizigo haikuweza kulivuka. Tukajenga mizinga: wangu unameza shaba, unaifyatua angani, wake unaidaka. Siku ya kwanza ulipofyatuka tulipiga kelele mpaka shangazi akatoka na mwiko.

"Mmeumwa na nge?"

Sasa, kwetu hatutumi kitu kimoja. Mama akimtumia shangazi gunia, ndani utakuta sukari, sabuni, tumbaku ya nyanya yetu na viatu, vyote pamoja, asije akaonekana mchoyo. Nami nikaulisha mzinga vivyo hivyo: shaba, makaa, risasi, hata mchanga, maana nilikuwa nao tele. Nilijiona mkarimu kweli.

Wiki ya mwisho ya likizo maadui wakavamia upande wa Achol.

"Akiru, tuma risasi!"

"Nimetuma!"

"Hakuna! Hapa ni mchanga tu, wallahi!"

Nikaangalia. Mzinga wangu umejaa, wake umekataa kupokea. Nikaamini ameufunga makusudi, ili tushindwe tuanze ramani nyingine aliyoitaka yeye. Kila alichojenga kikaungua, ukabaki mzinga tu. Na mimi, mpole wa kusifiwa kanisani, nikafungua mdomo: "Rudini kwenu Sudani. Hata kupokea hamjui!"

Shangazi aliacha kukoroga. Achol alichukua simu ya kaka yake, akavaa ndara, akaenda. Niliporudi Krismasi, familia yao ilikuwa imeshahamishiwa ng'ambo.

Miaka mitano nimesema yeye ndiye aliyeharibu. Jana Lokiru akaikuta ile ramani kwenye simu kuukuu ya shangazi, aliyotuletea Lodwar. Akagusa mzinga wa Achol mara moja tu.

"Aki dada, huu umejaa mchanga! Risasi zingepita wapi? Mzinga mmoja, mzigo mmoja, kila mtu anajua! Watu wa kitambo mlikuwa washamba!"

Nilikaa chini sakafuni. Mchanga ulikuwa wangu. Aliniambia ukweli, nikamfukuza.

Watoto wa leo hutazama video kwanza, hata kosa lao wenyewe hawana. Lakini Lokiru alinitafutia Achol mtandaoni kwa dakika mbili: pichani amevaa koti kubwa, nyuma yake theluji. Nikamwandikia kuhusu mchanga, nikafuta. Si mchanga uliomfanya avae ndara. Nikaandika, nikianza kwa salamu ya kwetu: "Ejok, Achol. Ni Akiru. Yale maneno niliyokuambia, sikupaswa kuyasema. Nisamehe."

Zamani kumfikia kulikuwa kuvuka barabara hadi kambini, kuita jina lake mlangoni, naye atoke anacheka na unga mikononi. Sasa ujumbe umefika papo hapo. Ameusoma tangu asubuhi. Alama mbili za bluu, na kimya.